Kibao cha "Mbwa Mkali" hakikutoi lawamani

Jamani hili naliskia sana huku kwetu Unguja, hasa maeneo ya majumba mapya kama Mbweni na Chukwani, mtu anabandika kibao cha "Mbwa Mkali" getini basi anaona kamaliza, atakaengatwa shauri yake si alionywa. Sio hivyo!

Kibao kiwekeni, tena muhimu, anaesoma mita au mgeni anaepiga hodi ajue asubiri nje. Lakini kibao ni onyo tu, hakimfungi mbwa. Mtoto wa miaka minne anaefata mpira wake uani hajui kusoma, na hata wa chuoni akiwa anakimbia hasimami kusoma ukuta. Na nyengine huko shamba vibao vya Kiingereza kitupu, bibi anaepita na kuni ataelewa nini?

Uingereza wana sheria ya mbwa walinzi ya mwaka 1975, kwenye maeneo ya biashara kibao lazima kila mlango wa kuingilia, lakini hapo hapo lazima awepo mtu anaemsimamia mbwa au mbwa awe kafungwa asizurure, kwahiyo hata wao kibao peke yake hakitoshi.

Geti lifungwe, mbwa achanjwe kichaa cha mbwa. Na mtu akingatwa, kibao kiwepo kisiwepo, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15 kisha mbio hospitali, asisubiri kuona mbwa atafanya nini.