Sigara ya Idi: ukirudia, anza na saa 24 za kwanza

Kila baada ya Ramadhani huja watu wenye kisa kinachofanana: mfungo mzima walijizuia, kisha Idi mosi, barazani, mtu akawanyooshea pakiti. Siku ya tatu pakiti ni yao wenyewe. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kuacha tumbaku, na hapa nataka kueleza kile kipindi kati ya sigara ya kwanza na pakiti. Hapo ndipo bado unaweza kujiokoa kwa urahisi.

Sigara moja haifuti mwezi wa kuacha. Nikotini hupungua nusu kwenye damu kila baada ya saa 2 hivi. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi, kila saa 4 hadi 5. Kinachomrudisha mtu ni maneno anayojiambia: "Nimeshaharibu, nimalize hizi, Jumatatu naanza upya." Mwanasaikolojia wa Marekani, G. Alan Marlatt, alilichambua hili vizuri: anayeteleza akajihukumu kuwa hana uwezo, ndiye anayeendelea kuvuta. Na kila sigara ya kungojea Jumatatu inaufundisha upya ubongo kudai moshi kila ikija chai, simu au foleni ya daladala.

Basi usipange tarehe. Vunja sigara zilizobaki, zimwagie maji, zitupe. Usimpe rafiki akutunzie, utamfuata usiku. Kiberiti na kisahani cha majivu vitoke pia, kisha piga mswaki ili ile ladha iondoke. Arosto, yaani ile hamu kali ya sigara, ikipanda, kila wimbi huchukua dakika chache tu: tembea, kunywa maji, mpigie mtu anayejua kuwa umeacha. Siku 3 za mwanzo ndizo kali kwa waliorudia kuvuta kila siku. Aliyevuta moja au mbili mara nyingi hapati hata nusu ya adha hiyo.

Kama ulikuwa na plasta ya nikotini, ile inayobandikwa kwenye ngozi kutuliza arosto, usiibandue kwa sababu umeteleza. Wengi huibandua kwa hofu ya nikotini kuzidi. Kwa mtu mzima mwenye afya, sigara moja juu ya plasta huleta kichefuchefu au moyo kwenda mbio kidogo. Kuibandua ndiko kunakoongeza arosto. Aliyekuwa akivuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na plasta ya miligramu 21. Mjamzito, au aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni, amwone daktari kwanza.

Bigijii ya nikotini ndiyo inayokosewa zaidi. Watu huitafuna kama bigijii ya dukani, wanameza nikotini yote, tumbo linawaka, kwikwi zinaanza, na wanasema dawa haifai. Itafune polepole mpaka uhisi mwasho kama wa pilipili, kisha ibane kati ya shavu na fizi. Mwasho ukiisha, tafuna tena kidogo, hamisha upande. Moja hudumu kama dakika 30. Dakika 15 kabla yake usinywe kahawa, soda wala juisi, kwa sababu uchachu huzuia nikotini kupenya mdomoni. Anayevuta ndani ya dakika 30 tangu kuamka achukue ya miligramu 4. Wengine, miligramu 2.

Halafu ichunguze ile sigara moja: ilitoka wapi? Mara nyingi ilitoka kibandani, ikauzwa peke yake, na kiberiti kikiwa kimening'inizwa hapo hapo. Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza pakiti yenye chini ya sigara 10, lakini za rejareja bado zinauzwa. Badili njia ya kwenda nyumbani kwa wiki 2 au 3, na vocha nunua kwa simu. Mwambie muuza duka waziwazi asikuuzie. Naona hilo linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Barazani, kaa mbali na wavutaji, na mirungi iache kabisa kwa sasa, maana wengi hawajui kuitafuna bila sigara.

Kahawa nayo ipunguze nusu. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, vikombe vile vile vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mikono inatetemeka, usingizi unapaa, na mtu anadhani ni arosto, anaenda kutafuta sigara.