Mwanga na damu ya ubongo: dhana potofu na ukweli wake

Dhana potofu: Mwanga hauwezi kupenya fuvu la kichwa.

Ukweli: Funika tochi kwa vidole ukiwa gizani, utaona vidole vinang'aa wekundu, kwa sababu damu imefyonza rangi nyingine na kuuacha mwekundu upite. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa kati ya nanomita 650 na 950 hivi, ambao sehemu yake kubwa jicho haliuoni, hupenya zaidi, maana hapo maji na himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, hufyonza kidogo. Mwaka 1977 mtafiti Frans Jöbsis alionyesha kwamba kwa mwanga wa aina hiyo oksijeni ya ubongo inaweza kufuatiliwa bila kupasua kichwa. Hata hivyo mwanga hauendi kwa mstari ulionyooka: hugongana na tishu, husambaa, na sehemu ndogo sana hujitokeza tena juu ya ngozi, sentimita 3 hivi kutoka ulipoingilia, ikiwa imepita kwenye gamba la nje la ubongo tu. Anayedai kwamba kofia ya vihisi, ile inayovaliwa kichwani kumulika na kupokea mwanga huo, inaonyesha kiini cha ubongo wa mtu mzima anatia chumvi.

Dhana potofu: Mbinu zote za kuchunguza damu ya ubongo kwa mwanga hupima mtiririko wake.

Ukweli: Hapa ndipo hata waandishi makini huteleza. Kofia ya aina hiyo kwa kawaida hupima mabadiliko ya himoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo, na hicho ni kiasi, si mwendo. Bwawa na mto vinaweza kulingana kina, lakini kina hakikuambii kama maji yanakwenda.

Anayetaka mwendo hana budi kutumia njia nyingine. Ukimulika ukuta kwa leza, doa lake huonekana limejaa madoadoa yanayometameta, yanayotokana na mawimbi ya mwanga kuingiliana. Mwanga huohuo ukiangukia tishu yenye chembe nyekundu za damu zinazotembea, madoadoa hubadilika upesi, na katika picha iliyopigwa kwa milisekunde chache hufifia. Yanapofifia zaidi ndipo damu inapokwenda kasi zaidi. Watafiti Fercher na Briers walieleza wazo hilo mwaka 1981 wakilenga retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mwaka 2001 likatumika kuchora ramani ya mtiririko kwenye ubongo wa wanyama wa maabara. Udhaifu wake ni kwamba hueleza vizuri kupanda na kushuka kwa mtiririko, si mililita kwa dakika.

Kwa kapilari mojamoja, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, watafiti hudunga rangi inayong'aa ambayo hubaki kwenye plazima, sehemu ya majimaji ya damu, hivyo chembe nyekundu huonekana kama vivuli vyeusi vinavyopita. Leza ikirudiarudia mstari mmoja juu ya kapilari, vivuli hivyo huacha michirizi iliyoinama, na kasi ya damu husomwa kutokana na mwinamo wake. Ni kazi nzuri mno, ila kwa kawaida huishia kina cha milimita moja hivi, tena kwa wanyama.

Dhana potofu: Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huonekana imepungukiwa na oksijeni.

Ukweli: Kwa kawaida huwa kinyume. Mishipa hutanuka na kuleta damu nyingi kuliko oksijeni inayotumika, hivyo himoglobini isiyo na oksijeni hupungua. Ongezeko hilo la damu hufikia kilele baada ya sekunde 5 hivi, ilhali neva hupashana habari kwa milisekunde.

Dhana potofu: Kila kinachobadilika kwenye ramani kimetoka ubongoni.

Ukweli: Mwanga wa kofia ya vihisi umepita kwenye ngozi ya kichwa mara mbili, unapoingia na unapotoka, na ngozi hiyo nayo ina damu inayobadilika pamoja na mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Ndiyo maana watafiti waangalifu huweka kigunduzi (kihisi kinachopokea mwanga) cha pili chini ya sentimita 1 kutoka kwenye chanzo cha mwanga, mahali ambapo karibu kila kinachopokelewa ni cha ngozi, kisha hukiondoa kihesabu kwenye ishara ya kigunduzi cha mbali.