Maverick hakukataa kupiga ng'ombe chapa kwa ujanja

Wengi husimulia kwamba neno la Kiingereza maverick, yaani mtu asiyefuata mkumbo, lilitokana na mfugaji mjanja wa Texas aliyekataa kuwapiga ng'ombe wake chapa ili kila ng'ombe asiye na alama ahesabiwe kuwa wake. Simulizi tamu, ila si kweli.

Samuel Maverick alikuwa mwanasheria na mnunuzi mkubwa wa ardhi, aliyewahi kuwa meya wa San Antonio. Ufugaji haukumshughulisha kabisa. Katika miaka ya 1840 mdeni wake alimlipa kwa ng'ombe wapatao 400, naye akawaacha mikononi mwa watumwa wake kwenye rasi ya Matagorda, pwani ya Texas. Ndama wakazaliwa, wakakua bila chapa, wakatangatanga. Majirani walipomwona ndama wa namna hiyo walisema, "Huyo wa Maverick." Wengine wakampiga chapa yao wenyewe, kwa hiyo aliyefaidika si Maverick! Mwaka 1856 akauza kundi lote.

Jina likabaki kwa ng'ombe yeyote asiye na chapa. Kufikia miaka ya 1880 lilikuwa limehamia kwa wanadamu, hasa wanasiasa wasioburutwa na chama. Anayeitwa maverick anajiamulia mwenyewe. Si lazima awe mkorofi wala kituko.