Turubai la Bei Nafuu Juu ya Bembea ya Kulalia: Maji Hupitia Wapi

Wateja wangu wa kila siku hapa Kariakoo, ninakoshona na kutengeneza maturubai, ni wenye malori, wakodishaji wa mahema ya shughuli na wafanyabiashara wa sokoni. Siku hizi wanafika pia vijana wanaokwenda kulala nje, ama msituni Pugu-Kazimzumbwi kule Kisarawe, ama ufukweni Kigamboni, wakiwa na bembea za kulalia zinazofungwa kati ya miti miwili. Wote huuliza kama lile turubai jepesi la plastiki la rangi ya buluu, lililo rahisi kuliko yote dukani, litahimili mvua ya masika. Jibu langu ni kwamba litahimili, kwa sababu maji hayapenyi katikati ya turubai zima. Hupitia kwenye pete zilizong'oka, kwenye bonde lililoachwa yatuame, na kwenye kamba ambayo mfungaji aliisahau.

Turubai hilo limefumwa kwa nyuzi bapa za polithini, kisha likapakwa utando wa polithini hiyohiyo pande zote mbili. Kabla ya kulipa, likunjue na uliinue kuelekea jua: kila tundu litaonekana kwa nukta ya mwanga, na nukta hizo hupenda kujipanga kwenye mistari ya mikunjo. Lipime pia kwa futi, kwa kuwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya nje mara nyingi ni cha kabla ya kupindwa pembeni, na la futi 10 likipungua inchi kadhaa si jambo la kushangaza.

Kipimo kina maana hapa kuliko unene. Bembea nyingi zina urefu wa mita 3 hivi, na ikishafungwa kwa ulegevu unaofaa, ncha zake mbili huachana kwa takriban mita 2.5. Turubai la futi 10 kwa 10 likitandazwa kwa ubavu wake hubakiza kama sentimita 25 tu kila upande, na mvua ya mshazari hailoweshi kitu kingine kabla ya kichwa na miguu. Turubai hilohilo likitandazwa kwa mshazari, kona moja kuelekea mti huu na kona ya pili kuelekea mti ule, linafikia takriban mita 4.3, na hapo ncha zote mbili za bembea zinafunikwa vizuri. Kasoro yake ni kwamba kifuniko kinazidi kuwa chembamba kadiri unavyokaribia miti. Kwa usiku mmoja wa vuli ningeridhika nacho. Kwa mwezi wa Aprili ningechukua la futi 10 kwa 12 na kulilaza kwa ule urefu wa 12.

Kamba ya mgongo, yaani ile inayobeba turubai kutoka mti hadi mti, ipite chini ya turubai, si juu yake, ili uzito usambae kwenye urefu wote badala ya kuning'inia kwenye pete mbili. Isifungwe kwenye kamba za bembea, kwa maana ukilala bembea inashuka na turubai linalegea nalo. Ifunge juu zaidi, kwenye shina lenyewe, na uikaze kwa lile fundo la wafungaji mizigo ya malori, ambalo kamba hupitishwa kwenye kitanzi na kuvutwa kurudi nyuma. Miti ikiwa myembamba, kama mivinje mingi ya ufukweni, ingia kwanza kwenye bembea umwachie mwenzako akaze. Kamba za bembea zikiwa na mwinamo wa nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila moja inavutwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wako wote. Zikinyooshwa hadi nyuzi 10, nguvu hiyo inakaribia mara tatu. Miti huinamiana kwa mvuto huo, na kamba ya mgongo iliyokuwa imekaza inabaki inapepea.

Ili turubai lisiteleze juu ya kamba hiyo, tumia fundo la Prusik, lililopewa jina la mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, aliyelitangaza mwaka 1931. Chukua kamba nyembamba iliyofungwa kuwa kitanzi, izungushe mara tatu kwenye kamba nene huku ukiipitisha ndani ya kitanzi chake chenyewe, kisha uiunganishe na kona ya turubai. Ikivutwa inang'ang'ania, ukiisukuma kwa kidole inateleza.

Sasa zile pete. Ni za bati laini la alumini, zimebanwa tu kwenye upindo, na upepo ukiingia chini ya turubai ndizo huachia kwanza. Mimi siziamini kabisa kwenye kona zinazobeba. Okota kokoto laini lenye ukubwa wa limau dogo, liweke upande wa ndani, kama kiganja kimoja kutoka ukingoni, likunje ndani ya plastiki hadi lifanye kifundo, kisha funga kamba shingoni mwa kifundo hicho. Hakuna tundu lililotobolewa, na kifundo hicho kitavuta hata pale ambapo pete ingekwisha kung'oka.

Kamba za pembeni zina tabia zake. Ya nailoni hulegea ikilowa; ya katani hukaza ikilowa, na inaweza kuchana upindo usiku wa manane wakati hakuna anayeiangalia. Nachagua nailoni, na katikati yake naunga kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ule unaofungia mizigo, ambao huvuta ulegevu na kupokea mishtuko ya upepo. Mchanga wa Kigamboni haushiki vigingi, kwa hiyo jaza kiroba mchanga, kifunge kamba na ukifukie.

Mwinamo wa turubai usiwe wa kuonea haya. Mvua ya milimita 10 juu ya mita 9 za mraba ni lita 90, yaani kilo 90, na zikituama kwenye bonde moja hakuna kamba itakayovumilia. Vuta pembe hadi plastiki ilie ukiipiga kwa ukucha, na upande unaopokea upepo uwe chini kabisa, hata kupita usawa wa bembea. Kusi likivuma hutoka upande wa kusini na kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Ukilijua hilo, kwa kawaida unajua ubavu upi wa kushusha kabla hata wingu halijafika.

Kamba zenyewe ni mifereji. Maji yanayoteremka kwenye shina hufuata kamba ya bembea hadi mgongoni mwa aliyelala, naye atalilaumu turubai. Funga ukanda wa kitambaa cha pamba, kipande cha kanga kuukuu kinatosha, kwenye kila kamba ya bembea, ndani kidogo ya ukingo wa turubai, uning'inie kwa urefu wa kiganja. Maji yakifika hapo huacha kamba na kudondoka. Kamba ya mgongo nayo ipate ukanda wake kila upande, ila huu ukae nje ya ukingo.

Chandarua kiwe na kamba yake chini ya turubai, kisigusane na plastiki. Minazi iepukwe kwa sababu ya nazi na makuti makavu, mikorosho minene inafaa. Jiko la mkaa likae mbali, kwani polithini huyeyuka kwa joto la chini sana. Asubuhi lianike turubai hadi maji yakauke, kisha likunje mara moja na kuliweka kivulini: mvua hailiozeshi, jua ndilo linaloufanya utando wake ukakamae na kupasuka kwenye mikunjo ileile uliyoichunguza dukani.