Maswali na majibu: CA-125, ER na PR kwenye saratani ya mji wa mimba

Saratani tunayoizungumzia huanzia kwenye utando wa ndani wa mji wa mimba, ule unaobanduka kila mwezi wakati wa hedhi. Wengi huichanganya na saratani ya shingo ya kizazi. Ni magonjwa mawili, na kipimo cha shingo ya kizazi hakikuwekwa kwa ajili ya kutafuta hii ya utando.

Nilikoma hedhi miaka sita iliyopita, sasa naona matone ya damu. Nikapime CA-125?

Usianzie hapo, dada. CA-125 ni protini inayopimwa kwenye damu, na maabara nyingi huhesabu chini ya 35 kuwa kawaida. Tatizo ni kwamba hupandishwa na mambo mengi yasiyo saratani: faibroidi, hedhi yenyewe, mimba, maambukizi ya nyonga, ugonjwa wa ini, hata kifua kikuu cha tumbo. Halafu mwenye saratani changa anaweza kupimwa akaonekana ana 18 tu. Kwa hiyo damu ikikutoka baada ya kukoma hedhi, hata tone moja, majibu mazuri ya CA-125 yasikurudishe nyumbani. Unahitaji ultrasaundi ya kupitia ukeni ili kuona unene wa utando, na kinyama cha utando huo kitolewe kwa mrija mwembamba kikapimwe maabara. Maumivu yake hufanana na tumbo la hedhi kali, na huisha haraka.

Basi CA-125 ina kazi gani?

Kazi yake huja saratani ikishathibitishwa. Ikiwa juu sana kabla ya upasuaji, daktari hushuku kwamba ugonjwa umetoka nje ya mji wa mimba. Na kama ilikuwa juu mwanzoni, hutumika kufuatilia baada ya matibabu.

Majibu ya kinyama cha mama yameandikwa "ER 90%, PR 80%". Ina maana saratani imeenea asilimia 90?

Hapana! Hofu hii huwakosesha watu usingizi bure. ER ni vipokezi (sehemu za seli zinazopokea homoni) vya estrojeni, PR ni vya projesteroni; zote mbili ni homoni za kike. Maabara hukata kinyama vipande vyembamba mno, hukitia dawa, na viini vya seli zenye vipokezi hugeuka rangi ya kahawia. Katika kila seli 100 za saratani, 90 zimegeuka. Basi.

Tena mara nyingi ni habari njema. Saratani yenye vipokezi vingi kwa kawaida hukua taratibu. Estrojeni huichochea (mafuta ya mwili huendelea kutengeneza estrojeni hata baada ya kukoma hedhi, ndiyo maana unene wa mwili huongeza hatari), na projesteroni huizuia. Tiba kuu hubaki upasuaji wa kutoa mji wa mimba. Ila msichana ambaye bado anataka kuzaa, na ugonjwa wake ni wa mwanzo kabisa na si mkali, anaweza kupewa vidonge vya megestroli (dawa ya jamii ya projesteroni) au kitanzi chenye homoni ya aina hiyo, huku akichukuliwa kinyama tena kila baada ya miezi michache.

Na "MMR imepotea" kwenye majibu ya kinyama?

MMR ni protini zinazorekebisha makosa ya vinasaba. Zikikosekana, zipo dawa za kuamsha kinga ya mwili zinazoweza kusaidia ugonjwa ulioenea au kurudi. Wakati mwingine kasoro hiyo ni ya kurithi na huleta pia saratani ya utumbo mpana, kwa hiyo muulize daktari kama ndugu zako wa damu nao wapimwe.