Ndege zote mbili zina viti vya pointi, kwa nini safari nzima haina?

Nimeulizwa tena, na mara hii kwa ukali: "Ndege ya kwanza ina kiti cha pointi, ya pili nayo inacho, lakini nikiziunganisha naambiwa hakuna. Mnaficha nini?" Hakuna kinachofichwa. (Kiti cha pointi ni kile unacholipia kwa pointi ulizokusanya kwenye programu ya uaminifu ya shirika la ndege, badala ya pesa.) Kazi yangu ni kusimamia mapato ya shirika la ndege, na katika dhana zote potofu ninazokutana nazo, hii ya kudhani kwamba safari ya kuunganisha ni vipande vyake vikijumlishwa ndiyo inayowasumbua wasafiri zaidi.

Tumalize kwanza la viti vitupu. Kiti kuonekana kitupu kwenye ramani ya ndege hakumaanishi kuwa kinatolewa kwa pointi. Ndege huuzwa kwa makundi ya nauli yenye herufi, na viti vya pointi vina herufi zao. Kwa washirika wa Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, I ni daraja la biashara na X ni daraja la kawaida. I ikisoma sifuri, hupati, hata kama nusu ya kebini haina mtu. Hesabu ya kumwekea kiti abiria wa baadaye atakayelipa zaidi ni kongwe: Ken Littlewood wa BOAC, shirika la ndege la Uingereza la wakati huo, aliiandika mwaka 1972, miaka 9 kabla ya American Airlines kuanzisha AAdvantage, programu yake ya pointi.

Na idadi ya pointi? Programu za jedwali la kanda, yaani zinazogawa dunia katika kanda na kupanga idadi ya pointi kati ya kanda na kanda, hutazama unakotoka na unakokwenda, kituo cha katikati hakiongezi kitu. Avios, pointi za British Airways, zilipoanza mwaka 2011, kila ndege ilihesabiwa peke yake kwa umbali wake. Delta iliondoa majedwali yake mwaka 2015, United ikafuata 2019, na kwao bei sasa hupanda na kushuka pamoja na soko. Lakini hayo yote yanakuja baada ya swali moja: je, kiti kinatolewa au hakitolewi?

Hapo ndipo penye kazi. Kila ndege, kila siku, mfumo huipa kima cha chini, yaani pesa ambayo shirika linatarajia kuikosa likitoa kiti kimoja leo. Tuseme Lisbon kwenda Frankfurt kima chake ni dola 70, na Frankfurt kwenda Tokyo ni dola 310. Tuseme tena kwamba tiketi ya pointi ya Lisbon–Frankfurt ina thamani ya dola 90 kwa shirika, na ya Frankfurt–Tokyo dola 330. Ukitafuta moja moja, zote zinapita: 90 inazidi 70, 330 inazidi 310. Sasa unganisha. Jedwali la kanda linakutoza kwa safari yote karibu pointi zilezile za kipande kirefu, kwa hiyo thamani yake kwa shirika ni, tuseme, dola 340. Lakini unakalia viti viwili, na vima vyake vikijumlishwa ni 380. Umekataliwa, na hesabu ni sahihi kabisa.

Unaweza kukata tiketi mbili tofauti, ndiyo. Utalipa pointi nyingi zaidi, na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina wajibu wa kukungoja wala kukutafutia nafasi nyingine.

Kinyume chake huwaudhi watu zaidi: Frankfurt–Tokyo haina kiti hata kimoja, lakini Lisbon–Frankfurt–Tokyo kinapatikana, kwenye ndege ileile. Abiria wa Frankfurt anataka kwenda moja kwa moja, na yuko tayari kulipia urahisi huo. Abiria wa Lisbon lazima aunganishe mahali fulani, na anaweza kupita Paris au London kwa washindani wetu. Asipopewa kitu, anaondoka. Kwa hiyo vipande hivyo viwili hufungwa pamoja na kutolewa kwake tu. Ukivinunua kwa nia ya kupandia Frankfurt, ujue kwamba usipotokea Lisbon, vipande vyote vilivyobaki kwenye tiketi hiyo hufutwa. Hili nalisisitiza kwa sababu watu hulijua wakiwa tayari kaunta, na mizigo mkononi.

Sasa nikiri kile ambacho vitabu vya fani yetu hukipitia haraka. Vima hivyo vinatokana na utabiri, na utabiri wa safari za kuunganisha ni dhaifu. Kwa Lisbon–Tokyo, siku moja, kundi moja la nauli, mfumo unaweza kutabiri abiria 0.3. Hakuna abiria 0.3. Ni wastani uliokamuliwa kutoka kwenye safari chache za nyuma, na tunaujumlisha na wastani mwingine wa aina hiyo kisha tunautendea kama ukweli. Lenye shaka zaidi ni lile swali la kama mwenye pointi angenunua tiketi kwa pesa tungemnyima. Hesabu nzima inaegemea jibu lake, na jibu hilo ni makadirio ya watu waliokaa ofisini. Naamini tunawanyima wengi ambao kamwe wasingenunua, na viti vyao vinaruka vitupu.

Kwa hiyo tafuta safari nzima, kisha kila kipande, kisha safari nzima kwa kupitia kituo kingine. Majibu matatu yanaweza kutofautiana na yote yakawa ya kweli. Rudia siku za mwisho kabla ya safari, kwa sababu viti visipouzwa vima hushuka, na safari iliyokataliwa hufunguka. Na kama pointi zako ni za shirika mshirika, usishangae mwanachama wa shirika lenye ndege akiona viti usivyoviona wewe. Mshirika hulipia kila kiti kwa kiwango walichokubaliana, na kiwango hicho kikiwa chini ya kima, kiti hakimfikii.