Tsunami ya 2004: je, kweli Marekani iliitwa mkono wa birika?

Asubuhi ya 26 Desemba 2004 tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra. Mawimbi yake yaliua watu wapatao 230,000, wengi wao katika jimbo la Aceh, Indonesia, na mengine yakavuka bahari yote hadi pwani ya Somalia. Maiti zilikuwa bado zinaokotwa wakati Washington ilipoanza kuvutana juu ya jambo jingine: je, serikali ya George W. Bush imetoa kidogo mno? Mvutano huo unasimuliwa mpaka leo, na kila msimulizi hutia chumvi yake.

Dhana: Umoja wa Mataifa uliiita Marekani bahili

Aliyezungumza ni Jan Egeland, raia wa Norway aliyekuwa mkuu wa misaada ya dharura ya Umoja wa Mataifa. Siku moja baada ya janga aliwaambia waandishi wa habari kwamba haelewi kwa nini "sisi", yaani nchi tajiri, yake ikiwemo, tu wabahili kiasi hiki. Hakuilenga Marekani peke yake. Wala hakuwa akisema juu ya michango ya tsunami. Alikuwa akizungumzia misaada ambayo nchi tajiri hutoa mwaka hadi mwaka, ukiilinganisha na pato lao. Alisema pia kwamba wanasiasa hudhani walipa kodi wanataka kutoa kidogo, kumbe wangependa kutoa zaidi. Sehemu hiyo, ambayo kwangu ndiyo iliyokuwa nzito, haikushughulikiwa na mtu.

Likabaki neno ubahili peke yake. Colin Powell, waziri wa mambo ya nje, akalijibu kwenye televisheni. Egeland akajitetea kesho yake kwamba ameeleweka vibaya. Bush, akiwa mapumzikoni shambani kwake Crawford, Texas, akasema msemaji huyo amepotoka na hana taarifa. Ni jiwe lililorushwa gizani. Aliyepiga yowe ndiye aliyejulikana limempata.

Dhana: Marekani ilitoa dola milioni 15, basi

Milioni 15 ilikuwa ahadi ya kwanza. Kesho yake ikawa milioni 35, na tarehe 31 Desemba ikaruka hadi milioni 350. Februari 2005 Bush akatangaza kwamba ataliomba Bunge jumla ifike milioni 950.

Watetezi wake walisema kiasi kilipanda kadiri ukubwa wa maafa ulivyojulikana. Wana hoja. Pwani ya magharibi ya Aceh ilikatika kabisa, barabara na simu vimekwenda na maji, na idadi ya waliokufa ilipanda kila siku. Lakini kuzidisha mara kumi ndani ya siku tatu hakuelezwi na hesabu ya maiti peke yake. Aibu nayo ilifanya kazi yake, na nchi nyingine zilikuwa zikipandisha dau kama mnadani: Japani dola milioni 500, Ujerumani euro milioni 500, Australia dola zake bilioni 1, ingawa nusu ya hizo ilikuwa mikopo nafuu.

Dhana: Sherehe ya kumwapisha Bush iliyala mafungu ya wahanga

Ulinganisho huu ulipendwa sana: milioni 35 kwa Asia nzima, takribani milioni 40 kwa sherehe za Januari. Kama kejeli, ulichoma. Kama hesabu, haukusimama, kwa kuwa gharama za sherehe zenyewe zilitokana na michango ya watu binafsi na makampuni. Kilicholipwa na umma ni ulinzi.

Dhana: Kipimo cha msaada ni fedha iliyotangazwa

Manowari ya Marekani, USS Abraham Lincoln, ilikuwa imetia nanga Hong Kong. Tarehe 1 Januari ilikuwa tayari mbele ya pwani ya Aceh. Helikopta zake zilipeleka maji na chakula mahali ambapo gari halikuweza kufika. Katika siku zile, mtu wa Meulaboh, mji wa pwani ya magharibi ya Aceh, angefaidika zaidi na helikopta moja kuliko ahadi ya mamilioni. Gharama hizo za kijeshi hazikuwemo katika zile milioni 15 wala 35.

Upande wa pili, ahadi si fedha. Mji wa Bam, Iran, ulibomolewa na tetemeko tarehe 26 Desemba 2003, mwaka mmoja kamili kabla ya tsunami, na maofisa wa Iran walilalamika kwamba waliyoahidiwa yalifika kwa sehemu ndogo tu. Kinyume chake pia kilitokea: mapema Januari 2005, Madaktari Wasio na Mipaka waliwaambia wafadhili kwamba kwa kazi yao ya tsunami fedha zimetosha. Wapo waliokasirika kusikia hivyo. Mimi nauona ni uungwana.

Dhana: Ama Marekani ni karimu kuliko wote, ama ni mchoyo kuliko wote

Mwaka 2004 hakuna nchi iliyotoa dola nyingi kuliko Marekani kwa misaada ya maendeleo. Mwaka huohuo misaada hiyo ilikuwa takribani asilimia 0.17 ya pato la taifa, wakati lengo la Umoja wa Mataifa, lililowekwa 1970, ni asilimia 0.7. Norway, Sweden, Denmark, Uholanzi na Luxembourg ndizo pekee zilizolifikia mwaka huo. Kila upande ulichukua tarakimu yake na kuificha ya mwenzake.

Dhana: Waliosaidiwa walikuwa wakingojea tu

India ilipigwa na mawimbi, ikakataa misaada ya serikali za nje, kisha ikapeleka meli zake Sri Lanka, Maldivi na Indonesia. Indonesia ilipokea, lakini kwa masharti. Aceh ilikuwa na vita vya waasi na kwa muda mrefu wageni walizuiwa kuingia. Januari serikali ya Jakarta ikatamka kwamba majeshi ya kigeni yawe yameondoka kufikia tarehe 26 Machi.